Kupima matamshi ya wenye mpasuko wa kaakaa kwa kompyuta: mwongozo kamili, kutoka maikrofoni hadi ripoti

Mtoto aliyezaliwa na mpasuko wa kaakaa, yaani paa la kinywa, akashonwa, akisema "baba" ikasikika "mama", sikio lililofunzwa halihitaji mashine kujua kwamba sauti inapitia puani. Sikio hulemewa na swali jingine: je, miezi sita baada ya upasuaji sauti imepungua puani kweli, au sisi tumeizoea? Anayemsikiliza mtoto yuleyule kila wiki huanza kumwelewa, na akimwelewa humwona amepona. Kompyuta haizoei. Lakini pia haielewi kitu. Hupima nguvu ya sauti kwenye masafa fulani, yaani kasi fulani za mtetemo, na kutoa namba hata pale ambapo namba haina maana. Kazi nzima iliyoelezwa hapa ni kuhakikisha kila namba inajulikana imetoka kwenye sentensi gani, kwa kifaa kipi, na sikio lilisema nini juu yake.

Unapima kasoro ipi?

Kaakaa laini likiwa zima huinuka na kurudi nyuma, kuta za koromeo husogea kulipokea, na mlango kati ya kinywa na pua hufungwa. Katika Kiswahili mlango huo hufunguka kwa m, n, ny na ng', pamoja na mwanzo wa mb, mv, nd, nj, nz na ng. Sauti nyingine zote huutaka ufungwe. Usipofungwa sawasawa hutokea kasoro ambazo watu huzichanganya kwa jina moja la "kusemea puani", ingawa kila moja huacha alama yake kwenye kompyuta.

Ya kwanza ni king'ong'o: sauti ya nyuzi za koo inavumia puani. Husikika kwenye irabu na kwenye konsonanti ghuna, zile zinazotetemesha nyuzi za koo, kama b, d, l na w. Ya pili ni hewa kuvuja puani, yaani mvumo au mkoromo mdogo puani wakati wa p, t, k, f, s, sh na ch. Ya tatu ni konsonanti dhaifu, kwa kuwa hewa iliyopaswa kukusanyika kinywani imeshatoroka. Ya nne ni matamshi ya kufidia: mtoto ameshindwa kubana hewa kinywani, akajifunza kuibana chini zaidi. Badala ya p au t anatoa hamza, yaani mkato mfupi wa hewa kooni. Badala ya s anatoa sauti iliyo karibu na ha nzito ya Kiarabu.

Tofauti hii ndiyo inayoamua tiba. Tatu za kwanza kwa kawaida hutokana na mlango wenyewe. Ya nne ni mazoea, na mazoea hayashonwi. Kaakaa linaweza kutengenezwa vizuri kabisa na hamza zikabaki palepale mpaka mtaalamu wa tiba ya usemi azifanyie kazi. Kipimo kimoja hakiwezi kuziona zote nne, na anayekuambia kifaa chake kinaziona amekusudia kukiuza.

Vifaa

Kompyuta ya kawaida inatosha, hata ya zamani. Programu inayofaa kuanzia ni Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam. Ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Pesa zako zielekeze kwenye maikrofoni na kisanduku cha kuingizia sauti chenye njia mbili, kile kinachounganishwa kwa USB. Usitumie tundu la maikrofoni la kompyuta mpakato, maana mara nyingi huingiza mlio wa umeme.

Maikrofoni ya kuvaa kichwani ni bora kwa watoto kwa sababu umbali haubadiliki mtoto akigeuka. Iweke sentimita 4 hadi 10 kutoka kwenye pembe ya mdomo, pembeni, isielekee pumzi moja kwa moja. Ikikaa mbele ya midomo, kila p itapiga kishindo, na kishindo hicho utakisoma kimakosa kama p yenye nguvu. Maikrofoni ya mezani ikae sentimita 30, ipimwe kwa rula, isikadiriwe kwa macho.

Rekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16 au 24, faili la WAV. MP3 na ujumbe wa sauti wa simu havifai hapa. Mifumo hiyo hutupa sehemu za sauti ambazo sikio la kawaida halizikosi, na sehemu hizo ndizo zenye mvumo hafifu wa puani tunaoutafuta. Simu nyingi pia huzima kelele na kupandisha sauti ndogo zenyewe. Mfumo unaozima kelele huuona mvumo wa hewa puani kuwa kelele na kuufuta, kisha unapata rekodi safi ya mtoto asiye na tatizo. Ukilazimika kutumia simu, tumia programu ya kurekodi inayotoa WAV na kuruhusu marekebisho hayo yazimwe.

Sentensi ndizo nusu ya kipimo

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Watu huchukua orodha ya Kiingereza, wanaitafsiri, kisha wanashangaa namba hazifanani na za wengine. Kiswahili kimejaa nazali, yaani sauti za puani kama m na n. "Ni", "na", "m-", "wana-", "-ngu", "-mba": ukimwachia mtoto azungumze huru, sauti hupita puani kihalali karibu katika kila neno. Kwa hiyo tengeneza makundi matatu yasiyochanganyika.

Kundi la kwanza halina nazali hata moja na limejaa konsonanti za kubana hewa. Kila sentensi inalenga sauti yake:

- p, b: Pipa la babu lipo hapa.
- t: Taa tatu zitatosha.
- k, g: Kaka kakata gogo.
- d: Dada alidai dodo.
- f: Fisi alifika kufuata faru.
- s: Asali si sukari.
- z: Zulia zuri liliuzwa.
- sh: Shika shoka, ulishushe.
- ch: Chukua chaki chache.
- j: Jaji alijua jibu.

Kundi la pili halina nazali wala konsonanti za kubana hewa: "Wale wawili walilala." Ni irabu, w na l tu. Hapa hewa haina cha kuvujia, kwa hiyo ukikuta king'ong'o ni king'ong'o kitupu, hakikuchanganyika na mvumo.

Kundi la tatu ni nazali tele: "Mama ananinunulia maini." Katika sauti 21, nane ni nazali, karibu asilimia 38. Msemaji mzima, yaani asiye na kasoro hizi, lazima atoe sauti nyingi puani hapa. Asipoitoa, pua imeziba.

Kuna mtego ambao vitabu vya lugha nyingine havitakuonya. Wasemaji wengi wa Kiswahili hutamka b, d, j na g kwa kushusha koo kidogo, kana kwamba hewa inavutwa ndani. Sauti ya namna hiyo haihitaji hewa nyingi kinywani kama p, t na k. Kwa sababu hiyo mtoto anaweza kupita vizuri kwenye "Dada alidai dodo" na kuanguka kwenye "Taa tatu zitatosha". Usihesabu aina hizo mbili za sauti pamoja, na usimpe mtoto cheti cha kupona kwa sababu ya "baba" na "dada". Kumbuka vilevile kwamba baada ya nazali, kama katika mb na nd, konsonanti hizo hutamkwa kwa njia nyingine, kwa hiyo "bamba" haliwezi kushika nafasi ya "baba".

Ongeza irabu ndefu a, i na u, kila moja sekunde 3, mara tatu, na kuhesabu moja hadi ishirini kwa ajili ya usemi wa mfululizo. Rekodi ya kuhesabu usiipime kwa kompyuta. Kuna nazali katika "moja", "mbili", "nne" na "nane", na kila "na" kati ya namba. Kunafaa kusikilizwa tu.

Siku ya kurekodi

1. Uliza mafua. Pua iliyoziba huficha king'ong'o, na mtoto mwenye mafua aahirishwe. Uliza pia masikio: maji kwenye sikio la kati ni ya kawaida sana kwa watoto hawa, na asiyesikia s vizuri hawezi kulaumiwa kwa s yake.

2. Tazama kinywani kwa tochi. Andika kama kuna tundu lililobaki kwenye kaakaa, liko mbele au nyuma, na meno ya mbele yamekaaje.

3. Zima feni, kiyoyozi na jokofu lililo karibu. Tandika kitambaa kizito mezani. Rekodi sekunde 10 za chumba kikiwa kimya.

4. Mwambie mtoto aseme sentensi moja kwa sauti yake ya kawaida, urekebishe kiwango mpaka vilele viguse kati ya desibeli −12 na −6, kisha usiguse kitufe hicho tena. Sauti ikigonga 0 hukatwa kilele, na iliyokatwa haitengenezeki. Linganisha na ukimya wa hatua ya tatu: usemi uwe juu ya kelele ya chumba kwa desibeli 30 au zaidi. Ikiwa pungufu, badilisha chumba.

5. Asome au aige baada yako. Wa chini ya miaka 5 wataiga tu, nawe usitie chumvi unapotamka, kwani watakuiga hivyohivyo. Kila sentensi mara tatu, na mapumziko ya sekunde moja kati yake.

6. Rudia "Wale wawili walilala" na "Mama ananinunulia maini" akiwa amebana pua kwa vidole. Dakika moja hii ina thamani kubwa, kama utakavyoona.

7. Hifadhi faili kwa namba, si kwa jina: K014_02_pipa_1.wav. Sauti ya mtu humtambulisha kama uso, kwa hiyo ridhaa ya mzazi iwe ya maandishi na itaje wazi kama rekodi itatumika katika kufundishia au utafiti.

Chini ya miaka 3 utapata sampuli fupi isiyoweza kubeba vipimo. Kuanzia miaka 4 au 5 watoto wengi hukamilisha orodha yote kwa robo saa.

Sikiliza kabla ya kupima

Weka rekodi za wagonjwa wote, za kabla na za baada, katika folda moja, uzichanganye, na uzipe namba mpya ambazo wasikilizaji hawazijui. Praat ina kifaa cha majaribio ya kusikiliza, ExperimentMFC, kinachochanganya mpangilio chenyewe. Wasikilizaji wawe angalau wawili, na rekodi moja katika kila tano irudiwe bila wao kujua. Kila mmoja atoe alama 0 hadi 3 kwa king'ong'o, mvumo wa puani, na sauti ya mafua (m na n zisizopita puani vya kutosha), kisha aandike kila konsonanti iliyolengwa ilivyosikika: sahihi, dhaifu, imekuwa nazali, imekuwa hamza, imerudi koromeoni, imeachwa.

Kama msikilizaji hakubaliani na nafsi yake kwenye zile zilizorudiwa, tatizo halitatatuliwa na namba za mashine. Wakae pamoja wasikilize mifano mpaka wakubaliane alama 2 ni ipi.

Kuona sauti: spektrogramu

Spektrogramu ni picha ya sauti: muda huenda kulia, masafa hupanda juu, na weusi ni nguvu. Katika Praat fungua faili kwa "Read from file", kisha "View & Edit". Kwenye mipangilio ya spektrogramu panua masafa hadi hezi 10,000, kwa sababu s ya mtoto huishi juu, na kikomo cha 5,000 huifanya ionekane haipo. Urefu wa dirisha uache sekunde 0.005. Kwa alama za mipaka tengeneza TextGrid, faili la lebo la Praat, yenye ngazi mbili, moja ya neno na moja ya konsonanti iliyolengwa.

Chukua "Pipa" kutoka "Pipa la babu lipo hapa", p ya katikati. Kwa msemaji mzima utaona irabu i ikikatika, pengo jeupe lenye urefu wa sehemu ndogo ya sekunde, mstari mwembamba wa wima ambapo midomo inaachia, kisha a. Irabu huonekana kama mikanda myeusi ya mlalo iitwayo formanti, ikihesabiwa kutoka chini. Ukitazama formanti ya pili pembezoni mwa pengo, inapinda kuelekea chini, kwa sababu midomo inafungwa.

Sasa tazama p iliyogeuka hamza. Pengo lipo, lakini mstari wa kuachia haupo, au ni hafifu. Formanti hazipindi, i inakatika kama ilivyo na a inaanza kama ilivyo, kwa kuwa midomo haikufanya kazi. Pembezoni mwa pengo mistari ya mapigo ya koo inaachana na kupoteza mpangilio. Mara nyingine mtoto hufunga midomo kwa ajili ya macho ya mama huku hewa akiikata kooni. Hapo formanti hupinda, lakini kuachia kunabaki dhaifu na mapigo yanabaki yamevurugika. Sikio hudanganyika kirahisi na huyu, hasa ukimtazama usoni.

P inayovuja ni tofauti tena: pengo halina weupe. Limejaa ukungu wa kijivu wa mvumo wa puani. B inayovuja hugeuka m, na badala ya pengo utaona mstari mzito chini ya hezi 300 ukiendelea bila kukatika.

Kwa s, kata milisekunde 40 hadi 50 za katikati, chagua "To Spectrum", kisha "Get centre of gravity", yaani wastani wa masafa yenye nguvu. S safi hukusanya nguvu yake juu ya hezi 4,000. Ile ya koromeoni huanguka chini sana ya hapo na kuonyesha mistari inayofanana na formanti za irabu inayofuata. Ila pengo la jino la mbele nalo hushusha namba hii. Ndiyo maana ulitazama meno.

Nazalansi: njia mbili, pua na kinywa

Nazalansi ni sehemu ya sauti inayotoka puani ukilinganisha na jumla ya pua na kinywa, kwa asilimia. Kifaa kinachojulikana zaidi ni Nazomita: kibao hukaa chini ya pua kikitenga maikrofoni mbili, na kila njia huchujwa kubakiza masafa ya karibu hezi 350 hadi 650. Kinauzwa tayari na programu yake. Asiyekuwa nacho anaweza kutumia kibao chepesi kigumu kilichokatwa upinde kufuata mdomo wa juu, maikrofoni mbili za aina moja juu na chini kwa umbali sawa, na kile kisanduku cha njia mbili. Ukingo uvalishwe mpira laini, ufutwe kwa spiriti baada ya kila mtu.

Kwanza jaribu utengano. Weka spika ndogo upande wa kinywa, cheza mvumo wa mfululizo, usome njia zote mbili. Tofauti isipofika desibeli 20, kibao ni kidogo au kinapitisha sauti. Kisha sawazisha: spika iwe mbele ya ukingo wa kibao katikati kabisa, rekebisha mpaka njia mbili zitofautiane kwa chini ya desibeli 0.5. Rudia kila asubuhi, na kila kitu kikiguswa.

Katika Praat:

1. Fungua faili la stereo, chagua "Extract all channels".
2. Kwa kila njia tumia "Filter (pass Hann band)": 350, 650, ulainishaji 100.
3. Kata sentensi kuanzia irabu ya kwanza hadi ya mwisho, bila ukimya wa pembeni.
4. Omba "Get root-mean-square", yaani wastani wa ukubwa wa wimbi la sauti, kwa kila njia.
5. Gawa ya pua kwa jumla ya pua na kinywa, zidisha kwa 100.

Tuseme pua ni 0.012 na kinywa 0.036. Jumla ni 0.048, nazalansi 25. Sasa tuseme mtu aligusa kitufe cha maikrofoni ya pua na kukipandisha desibeli 6. Pua inasomeka 0.024, jumla 0.060, nazalansi 40. Mtoto ni yuleyule, sentensi ni ileile, na sasa karatasi inasema ana tatizo. Desibeli 6 kwenye kitufe kidogo ni mzunguko usiouona kwa jicho. Ndiyo sababu vitufe hufunikwa kwa utepe baada ya kusawazisha.

Usitegemee sifuri kwa msemaji mzima. Sauti kidogo hupita kwenye kaakaa lenyewe na kuzunguka kibao, na irabu i hupita zaidi kuliko a kwa kila mtu. Kwa hiyo linganisha sentensi ileile na nyingine ileile tu. Kwa usomaji usio na nazali wa Kiingereza tafiti zimeweka mpaka wa king'ong'o kati ya takriban 26 na 32. Mpaka huo ni wa Kiingereza na wa kifaa kilichotumika, usiuhamishie kwenye sentensi zako. Kusanya wasemaji wazima wasiopungua 20 hadi 30 kwa kila rika, wenye lahaja ya wagonjwa wako, kwa kifaa chako. Wastani na mtawanyiko wao ndio rula yako.

Kwa kila mgonjwa vua kibao na ukivalishe upya mara tatu. Mkao tu hubadilisha pointi kadhaa, kwa hiyo badiliko la pointi 5 kati ya ziara mbili lisitangazwe kuwa mafanikio wala kurudi nyuma.

Na kwa kuwa kichujio hubakiza masafa ya chini, mvumo wa hewa wa s na p kwa sehemu kubwa hukatwa. Mtoto mwenye tundu dogo anaweza kupata nazalansi ya kawaida huku akikoroma puani kila s. Kwa huyo rudi kwenye njia ya pua ambayo haijachujwa, tazama masafa juu ya hezi 2,000 wakati wa "Asali si sukari".

Ukiwa na maikrofoni moja tu

Bado kuna la kufanya, ingawa ni dhaifu zaidi. Sauti ikivumia puani, nguvu huongezeka karibu na hezi 250 hadi 300 na tena karibu na 1,000, na kilele cha formanti ya kwanza hupungua na kupanuka. Kwa irabu a ndefu, kata sekunde moja ya katikati, fanya "To Spectrum", kisha "Get band energy" mara mbili: 0 hadi 600, na 600 hadi 8,000. Gawa ya kwanza kwa ya pili, chukua logi ya msingi wa 10, zidisha kwa 10. Namba ikipanda, sauti imeegemea chini, kama inavyotokea sauti ikivumia puani.

Imeegemea chini pia mtu akisema kwa unyonge, akibadilisha kimo cha sauti, au maikrofoni ikisogea. Kwa hiyo itumie kumlinganisha mtu na nafsi yake siku ileile, na hapo ndipo zile rekodi za pua iliyobanwa zinapoingia. Kama "Wale wawili walilala" inabadilika pua ikibanwa, sauti ilikuwa inapita puani. Isipobadilika, mlango unafungwa, au pua imeziba. Utajua ni lipi kwa "Mama ananinunulia maini": hiyo lazima ibadilike kwa mwenye pua wazi. Usiipime irabu iliyo katikati ya nazali mbili, kama ya "mama", maana huvumia puani kwa kila msemaji.

Kusoma vipimo pamoja

K na g nzuri, p na t zinavuja: shuku tundu la mbele ya kaakaa, kwa sababu ulimi wa k unabana hewa nyuma ya tundu, kabla haijalifikia. Daktari akiliziba tundu kwa muda ukarekodi tena, utajua.

S pekee, labda na sh na ch, ndizo zinazotoka puani, huku p, t na k zikiwa safi na nazalansi ya kawaida: mlango unafungwa, mtoto amejifunza s ya puani. Huyu hapelekwi kwenye kisu. Ni kosa la gharama kubwa, na linaweza kuzuiwa na sentensi mbili na spektrogramu.

Nazalansi juu kwenye sentensi zisizo na nazali, p na t zote zimejaa ukungu: kaakaa laini halifungi. Apelekwe kwa kamera ya puani au eksirei ya video. Kompyuta ya sauti hukuambia mlango hauzibi. Haikuambii kwa nini, wala daktari akate wapi. Palipo na vipimo vya mgandamizo na mtiririko wa hewa, eneo la uwazi wakati wa p hukadiriwa kwa milimita za mraba: chini ya 5 huhesabiwa limefungwa vya kutosha, 20 na kuendelea halitoshi, katikati ni eneo la mabishano.

Hamza nyingi: usitoe hukumu ya kaakaa bado. Mtoto anayekata hewa kooni hana sababu ya kuinua kaakaa, kwa hiyo hata kamera itaonyesha kaakaa lililolala. Afundishwe kwanza angalau p au t moja ya kinywani, ndipo apimwe.

Nazalansi ya chini kwenye "Mama ananinunulia maini": pua imebanwa, na baadhi hubanwa hivyo huku mlango wa nyuma ukiwa wazi. Pua ikifunguliwa king'ong'o hujitokeza. Mzazi aambiwe mapema.

Kuhusu mashine zinazojifunza

Programu za kutambua usemi zimetengenezwa kukisia neno. Mtoto akisema "'i'a la babu" kwa hamza mbili, programu huandika "pipa la babu" kwa sababu ndilo linaloleta maana. Kwa simu hiyo ni sifa. Kwetu ni kasoro inayofutwa mbele ya macho yetu.

Ukitaka kufunza mfumo wako wa kutambua king'ong'o, angalia mambo mawili. Rekodi za mtoto mmoja zisigawanywe kati ya kundi la kufunzia na la kupimia, ama sivyo mfumo utamkariri mtoto. Na wagonjwa wasirekodiwe hospitali huku wazima wakirekodiwa shuleni. Mfumo utajifunza mwangwi wa chumba, upate alama za juu ajabu, kisha ushindwe siku ya kwanza kazini.

Ripoti

Ukurasa mmoja unatosha. Kwa mfano: "Sentensi zisizo na nazali, nazalansi 39, 41, 43; wasemaji wazima wa rika hilo, kifaa hikihiki: wastani 17, mtawanyiko 5. Wasikilizaji wawili: king'ong'o 2 na 2, mvumo 1 na 2. P na t: 12 kati ya 18 zimekuwa hamza. K: zote sahihi. Tundu la mbele, milimita 3. Hakuna mafua." Andika pia aina ya maikrofoni, umbali, na tarehe ya kusawazisha. Ambatisha picha mbili za spektrogramu zenye kipimo kilekile cha masafa.

Rekodi ghafi usizichuje wala kuzikata. Fanya kazi kwenye nakala, na asili zihifadhiwe sehemu mbili tofauti zilizofungwa kwa nywila. Mtoto aliyepimwa akiwa na miaka 5 atarudi akiwa na 12, na atakayempima atataka kuisikia "Taa tatu zitatosha" ya kwanza, si namba yake.